Uzi Mwekundu wa Gunia la Dagaa

Kama umewahi kupita Tunduma alfajiri, kabla malori hayajaanza kupiga honi kwenye foleni ya forodha, basi harufu ya kwanza iliyokupokea haikuwa ya dizeli. Ilikuwa ya dagaa. Inatoka kwenye magunia yaliyopangwa vibarazani na ndani ya maghala, inaingia kwenye mabasi, inakaa kwenye nguo. Sisi wenyeji hatuisikii tena. Mgeni ndiye anayeziba pua.

Mimi nimekulia ndani ya harufu hiyo. Mama yangu anauza dagaa kwa gunia na kwa sado, si mfanyabiashara mkubwa, lakini ni biashara iliyonivalisha sare ya shule. Nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo yakaja kama yalivyokuja, nilirudi kwenye magunia yale yale niliyodhani nimeyakimbia. Usiku naandika riwaya ambayo haijaisha. Mchana nashona midomo ya magunia kwa shazia.

Katika makala haya nataka kusimulia historia ambayo wengi wetu tunadhani ni ya Wazungu na madukani mwao: jinsi makampuni ya samaki yalivyofika mahali pa kumwahidi mteja kwamba samaki anayemla amevuliwa kwa haki, bila kumaliza bahari wala ziwa, na bila kumdhulumu aliyemvua. Nitaanzia hapa kwetu mpakani, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza ahadi ya namna hiyo inauma kiasi gani.

Mji wa njia

Tunduma ni mji wa njia tangu enzi. Katika miaka ya 1880 ilianza kutengenezwa barabara ya kuunganisha ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika. Iliitwa barabara ya Stevenson, kwa jina la James Stevenson, mfanyabiashara wa Scotland aliyeitolea fedha. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi zisizo zao, mpaka wa huku ulichorwa ili barabara hiyo ibaki upande wa Waingereza. Hawakuuliza nani anaishi wapi. Mstari ukapita katikati ya Wanyamwanga, shangazi akabaki huku na mpwa akabaki kule. Mpaka leo watu wa Tunduma na Nakonde wanazikana, wanaoana na kukopeshana chumvi.

Baadaye ikaja barabara kuu ya kwenda Zambia, kisha reli ya TAZARA iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya, na mwaka 2019 kikazinduliwa kituo cha pamoja cha forodha kati yetu na Nakonde. Kila njia mpya ilibeba mizigo yake, na samaki hakukosekana.

Dagaa wetu wanatoka mbali. Wapo wa Mwanza, wa ziwa Viktoria. Wapo wa ziwa Tanganyika, wanaokuja kutoka Kirando na Kasanga. Halafu lipo ziwa letu, Rukwa, ambalo maji yake yanagusa wilaya za Momba na Songwe, na ambalo hutupa samaki wa kukaushwa na wa kubanikwa. Mzigo ukivuka Nakonde unaelekea Lusaka na miji ya migodi ya shaba, mwingine unafika Kasumbalesa na kuingia Lubumbashi. Kule Zambia dagaa wa Tanganyika wanaitwa kapenta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walichukuliwa kutoka ziwa Tanganyika wakapandikizwa katika ziwa Kariba, nao wakastawi huko hadi leo. Kwa hiyo tunapozungumza habari za samaki wa biashara, tusijione tuko pembeni ya dunia. Tuko mlangoni.

Gunia lililomwagwa

Pale sokoni kila muuzaji ana alama yake. Mwingine anaandika herufi kwa wino, mwingine anafunga kitambaa. Mama anashona kwa uzi mwekundu, mishono tisa, fundo upande wa kulia. Wateja wa Nakonde hawajui hata jina lake la ubatizo. Wanatuma mtu: "Niletee wa uzi mwekundu."

Nilikuwa kidato cha kwanza nilipokabidhiwa shazia. Si unajua tena ujana. Kijana mmoja wa ghala la jirani akanifundisha ujanja. Dagaa wazuri huanikwa juu ya vichanja, wanakauka wakiwa weupe na safi. Wa bei ya chini huanikwa chini mchangani, nao hununuliwa zaidi kwa chakula cha kuku. Ujanja wenyewe ni kuweka wa mchangani chini na katikati ya gunia, kisha kumalizia juu na wale weupe. Tofauti ya bei inabaki mfukoni mwako. Nilifanya hivyo kwa magunia matatu. Fedha niliyopata nilinunua riwaya mbili zilizotumika. Nikajiona mjanja, tena msomi.

Wiki mbili baadaye alikuja mama mmoja wa Kasumbalesa. Hakusalimia. Alikuwa na gunia letu kichwani kwa mbeba mizigo, na uzi mwekundu ulikuwa bado unaning'inia mdomoni mwake. Akaamuru limwagwe pale pale barabarani, mbele ya watu. Mchanga ulimwagika kabla ya dagaa.

"Mama, hii njo nini?" akauliza. "Batoto yangu bakule muchanga?"

Mama aliniangalia mara moja tu, akajua. Hakunitaja. Alimrudishia mgeni fedha ya magunia yote matatu na nauli ya kwenda na kurudi, akamwomba radhi kwa kupiga goti, mwanamke wa umri wake! Kwa miezi kadhaa baada ya hapo tulikula ugali na mboga za majani, dagaa tukiwaona machoni. Riwaya zangu mbili ziliuzwa. Usiku ule aliniambia maneno machache tu: "Mwanangu, nikishona uzi wangu, nimeapa."

Naam. Hapo ndipo ilipoanza elimu yangu. Lakini kadiri nilivyokua nikagundua jambo lililonisumbua zaidi. Mama aliweza kuapa juu ya kilichomo ndani ya gunia, kwamba juu na chini ni sawa. Hakuweza kuapa juu ya wavu. Hakujua kama ulikuwa na matundu halali au ulikuwa kokoro linalozoa hata watoto wa samaki. Hakujua kama vijana walioshinda usiku kucha na taa ziwani walilipwa, au kama mwenzao aliyezama alizikwa na nani. Kiapo chake kiliishia kwenye mdomo wa gunia.

Na wakubwa wa dunia, wenye makopo na viwanda? Kumbe nao kwa miaka mingi kiapo chao kiliishia hapo hapo.

Pomboo, samaki, halafu mtu

Makopo ya jodari yalikuwa na majina na picha nzuri tangu zamani. Ahadi yake ilikuwa ile ya uzi mwekundu: ni safi, ni tamu, hautaugua. Mabadiliko hayakuletwa na huruma ya wenye mali. Yaliletwa na aibu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani mmoja, Samuel LaBudde, aliomba kazi katika meli ya Panama iliyokuwa ikivua jodari Bahari ya Pasifiki. Alikuwa na kamera ya video. Akapiga picha za pomboo wakinaswa na kufa ndani ya nyavu. Picha zile zilipoonyeshwa Marekani, wanafunzi na akina mama wakagoma kununua makopo. Mwezi Aprili 1990 kampuni ya StarKist ikatangaza kwamba haitanunua tena jodari waliovuliwa kwa namna ya kuua pomboo, na siku hiyo hiyo wapinzani wake wawili wakubwa, Bumble Bee na Chicken of the Sea, nao wakafuata. Kwa mara ya kwanza kopo likaapa juu ya wavu.

Pigo la pili lilitoka Canada. Watu wa Newfoundland walikuwa wamevua chewa wa maji baridi kwa karne kadhaa, wakiamini hawaishi. Meli kubwa zikaja na mitambo, zikazoa. Mwezi Julai 1992 serikali ikafunga uvuvi ule, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Fikiria, msomaji, mji mzima kama wetu ukiambiwa kesho hakuna lori. Walifunga wakidhani ni kwa miaka michache. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini.

Wenye viwanda wakaogopa. Bila samaki, kiwanda cha samaki ni banda tupu. Mwaka 1996 kampuni ya Unilever, ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa samaki duniani, ilishirikiana na shirika la mazingira la WWF kuanzisha baraza la kupima uvuvi, Marine Stewardship Council, lililoandikishwa London mwaka 1997 na baadaye kujitegemea. Uvuvi unaofuzu mtihani wake hupata nembo ya buluu. Unilever iliahidi kwamba ifikapo mwaka 2005 samaki wake wote watatoka mahali panapovuliwa kwa kiasi. Mwaka ulifika, ahadi haikuwa imetimia yote, na mwaka 2006 iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya vyakula vya barafu Ulaya. Lakini nembo ilibaki, na makampuni mengine yakaifuata. Hapo napo pana funzo: ahadi inaweza kuishi kuliko aliyeitoa.

Sasa angalia jambo moja. Mtihani ule ulipima samaki na bahari. Haukupima ujira. Mtu aliyeshika wavu hakuwamo.

Aliingia kwa kishindo mwaka 2015. Waandishi wanne wa shirika la habari la Associated Press, wote wanawake, walifichua habari za Benjina, kijiji cha kisiwani huko Indonesia, palipokuwa na wavuvi, wengi wao kutoka Myanmar, wanaofanya kazi kama watumwa, wengine wamefungiwa ndani ya kizimba. Waliifuata meli iliyobeba samaki hadi Thailand, usiku wakayafuata malori yaliyopakia, wakaandika majina ya viwanda, mpaka wakafika kwenye rafu za maduka makubwa ya Marekani. Watu zaidi ya 2,000 waliokolewa, na mwaka 2016 shirika lao likapewa tuzo ya Pulitzer kwa kazi hiyo. Baada ya hapo makampuni makubwa, kama Thai Union ya Thailand mwaka 2017, yakajifunga kwa maandishi kuhusu wafanyakazi wa melini, si samaki peke yao.

Hesabu mwenyewe basi. Pomboo alipata mtetezi mwaka 1990, samaki mwaka 1997, mvuvi akasubiri karibu miaka ishirini zaidi. Simlaumu pomboo. Nauliza tu tulikuwa wapi.

Sangara na aibu yetu

Usiseme hayo ni ya mbali. Hapa kwetu sangara alipandikizwa katika ziwa Viktoria kuanzia miaka ya 1950, akala furu, akanenepa, na kufikia miaka ya 1990 Mwanza ikawa na viwanda vya minofu. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Mapanki, yaani kichwa na mifupa, yalibaki kwa wananchi.

Mwishoni mwa mwaka 1997 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 wakazuia tena samaki wa ziwa Viktoria, safari hii kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Viwanda vikasimama, wavuvi wakakaa mwaloni wakicheza bao. Ndipo zikajengwa maabara, mialo ikasakafiwa, na vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali, maarufu kama BMU, vikapewa nguvu. Sheria mpya ya Uvuvi ikatungwa mwaka 2003.

Mwaka 2004 ikatoka filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare, iliyoionyesha dunia mapanki na umaskini wa Mwanza. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imeipaka nchi matope. Mabishano yalikuwa makali na mimi sitaki kuyaamua hapa. Ninachokumbusha ni kwamba mlaji wa Ulaya alianza kuuliza maswali mapya, na miaka michache baadaye shirika la Naturland la Ujerumani likatoa ithibati kwa sangara wa mialo ya Bukoba, kwa masharti yaliyogusa ziwa na pia hali ya wavuvi wenyewe.

Kwa hiyo sangara wetu alikwisha kupata uzi wake mwekundu wa kimataifa. Na dagaa?

Nani anamuuliza dagaa?

Hakuna. Dagaa anavuka Tunduma usiku na mchana, analisha mchimba madini wa Kitwe na mtoto wa Lubumbashi, na hakuna mwenye duka la Ulaya wa kuona aibu juu yake. Nembo hufuata pochi nene. Ithibati ina wakaguzi, na wakaguzi wana gharama. Mlaji wa sado moja hawezi kuilipia.

Si kwamba huku hatuna sheria. Mwezi Juni 2018, wakati wa msako mkali wa uvuvi haramu, maofisa wa uvuvi waliingia mpaka kantini ya Bunge Dodoma wakapima samaki wa sahani kwa rula. Nchi nzima ilicheka. Vijiweni tuliulizana kama tutembee na rula kwenye begi. Lakini kule mialoni kicheko kilikuwa kidogo, maana nyavu zilichomwa moto, na nyingi zilikuwa za mikopo.

Kisha nchi zinazolizunguka ziwa Tanganyika zikakubaliana kulipumzisha. Kwa upande wetu, mwaka 2024, lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu, samaki wazaliane. Jambo jema, nani atabisha? Lakini mimi niliiona miezi hiyo ikipita ndani ya nyumba yetu. Wateja wanaotaka wa Tanganyika hawataki wa Mwanza, ulimi wao unajua. Ghala likabaki na magunia mawili, baadaye moja. Vijana wa kubeba mizigo wakahamia kwenye bodaboda. Mama aliuza cherehani. Jioni moja nilimuuliza kama anaona ni haki. Alikuwa anachambua mchele.

"Ziwa nalo ni mama," akasema. "Likizaa kila siku litakufa. Lakini nani ananilipia mimi arobaini ya ziwa?"

Swali hilo sikulijibu, na katika historia yote niliyoisimulia hapa sijaona aliyelijibu vizuri. Ahadi ya uvuvi wa haki ina gharama. Kampuni kubwa huihamishia kwenye bei ya kopo. Nchi tajiri huwapa wavuvi fedha za kujikimu, kama Canada ilivyofanya mwaka 1992. Huku kwetu gharama inateremka ngazi kwa ngazi hadi kwa mwanamke mwenye sado. Mpaka hapo patakaporekebishwa, ahadi itakuwa nzuri kwenye karatasi na chungu kwenye sufuria.

Karatasi ndogo

Mwaka jana nilianza jambo dogo. Lori likifika namuuliza dereva: mzigo huu ni wa mwalo gani? Ulianikwa kichanjani au mchangani? Lini? Mwanzoni walinicheka. Mmoja akaniambia, "Dogo, andika ziwani, inatosha." Wengine walidhani nimetumwa na watu wa ushuru. Lakini wapo waliojibu, na jibu naliandika kwenye kipande cha boksi, nakishona pamoja na uzi mwekundu. Pale nisipojua, naacha wazi. Sitaki kudanganya mara ya pili.

Siyo ithibati. Hakuna mkaguzi, na wavu wenyewe bado siujui. Mama alikiita kipande kile "barua ya dagaa", akatikisa kichwa. Nilidhani atanikataza. Siku moja mteja wa Nakonde akaulizia gunia, nikamsikia Mama akisema kwa sauti ya kibiashara, "Hawa ni wa Kirando, wa kichanja, mwanangu ameandika." Kisha akanigeukia: "Hiki kingine mbona hujaandika kitu?"

Nikamwambia dereva hakujua.

"Basi kesho akija, muulize tena."

Vijana wenzangu mnaoota kuandika, wale wanawake wanne walifuata malori usiku na kuandika majina. Malori yapo hapa pia, yamepanga foleni mpaka nje ya mji. Kalamu tunazo. Kesho asubuhi nitakuwa pale pale kwenye magunia, na dereva yule nitamuuliza tena.